Karatasi Iliyomo Ndani ya Pakiti

Hapa Leeds nimewasikia Wakenya wenzangu wakilalamika kwamba Waingereza ni wachoyo wa dawa, kwa kuwa huwezi kuingia dukani ukatoka na paracetamol kadiri upendavyo. Ni kweli kwamba tangu 1998 maduka ya kawaida ya Uingereza yamezuiwa kuuza pakiti yenye zaidi ya vidonge 16, na famasia pakiti yenye zaidi ya 32, ili kupunguza idadi ya watu wanaoharibikiwa ini kwa kuimeza kupita kiasi. Mimi sioni kwamba hilo ndilo tunalokosa Kisumu. Tunachokosa ni ile karatasi ya maelezo iliyokunjwa ndani ya pakiti.

Pale Kondele, mtaa wa Kisumu, mwenye duka huchukua mkasi, akakata vidonge viwili kutoka kwenye foili, akakutia mkononi pamoja na chenji. Ukivitazama, jina la dawa limekatika katikati, miligramu hazisomeki, na tarehe ya kuharibika imebaki kwenye kipande kilichorudi mkebeni. Simlaumu. Mtu anayeishi kwa kibarua hununua dawa kama anavyonunua mafuta ya kupikia, kwa kadiri ya pesa za siku hiyo, na kumlazimisha anunue pakiti nzima ni kumwambia akae na maumivu yake.

Lakini vidonge hivyo vina hesabu yake, na hesabu hiyo haiuzwi pamoja navyo. Mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili vya paracetamol vya miligramu 500, husubiri angalau saa nne kabla ya kumeza tena, na havuki vinane katika saa 24. Vinane hivyo ni vya paracetamol yote, kwa jina lolote inalouzwa, na hapo ndipo wengi wetu hupotea, kwa sababu dawa nyingi za mafua zinayo ndani, na baadhi ya vidonge vya kichwa huichanganya na aspirini na kafeini. Aliyemeza Panadol asubuhi, ya mafua adhuhuri na ya kichwa jioni anaamini ametumia dawa tatu tofauti, ilhali ini lake limepokea ileile mara tatu. Ini nalo halilalamiki mapema: mtu anaweza kujisikia mzima siku ya kwanza huku linaharibika, na ndiyo maana aliyezidisha anapaswa kwenda hospitali mara moja bila kungoja dalili, kwani dawa ya kulikinga hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.

Ibuprofen na diclofenac, nazo dawa za maumivu, ni habari nyingine. Shangazi yangu wa Ahero ana presha, na kwa miezi mingi alikuwa akinunua dukani “ile ya goti” bila mtu kumweleza kwamba dawa za jamii hiyo zinaweza kupandisha presha, kuumiza figo na kuleta vidonda vya tumbo. Huku, nilipoomba ibuprofen kwenye famasia, niliulizwa kwanza ni dawa gani nyingine ninazotumia. Swali hilo moja halihitaji mtambo wala bajeti ya serikali, na mwenye duka anayewajua wateja wake kwa majina angeliuliza vizuri kuliko mfamasia asiyenijua.

Wala nisingependa tuilete karatasi ya Uingereza kama ilivyo. Ile ya paracetamol ya maji ya watoto humwambia mzazi asiendelee kuitumia zaidi ya siku 3 bila kumwona daktari. Ni ushauri wa busara mahali pasipo na malaria. Kando ya Ziwa Victoria, siku 3 za homa iliyotulizwa kwa dawa ya maji zinatosha kumfikisha mtoto mahututi, maana paracetamol hushusha joto na vimelea vikabaki damuni vikizaana. Karatasi ya Kisumu iandikwe Kisumu, kwa Kiswahili na Kidholuo, iwe fupi kiasi cha kubandikwa ukutani juu ya mkebe wa vidonge, na mstari wake wa kwanza kwa mzazi useme kwamba mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama joto limeshuka.