Nyundo ya Mzazi Mwema

Mimi si mtu wa kulalamika. Muulizeni mama watoto, atawaambia hulalamika nikiwa macho tu. Lakini haya mambo ya simu na shule yamenifika hapa, na hapa ninapoonyesha ni kooni, pale chapati kavu hukwama.

Nina watoto wawili, kila mmoja na shule yake, na kila shule na dini yake. Kifungua mimba yuko kidato cha tatu, bweni. Kule simu ni haramu kuliko bangi. Ukishikwa nayo unakaa nyumbani wiki mbili, unarudi na mzazi, na simu yenyewe inapigwa nyundo mbele ya watu. Kitinda mimba, msichana, yuko gredi ya tano hapa Umoja, na huko simu ni lazima kuliko penseli. Saa kumi na moja jioni mwalimu ashatuma kwa grupu ya wazazi: piga picha mtoto akifua soksi. Piga video mtoto akimwagilia mche maji. Tuma kabla ya saa mbili. Mche wenyewe tutautoa wapi na tunaishi ghorofa ya nne? Tulienda kumwagilia sukuma wiki ya mama mboga, na mama mboga akatutoza.

Kwa hiyo mmoja amekatazwa simu na anaitaka, mwingine ameagizwa simu na hana, na katikati yao kuna simu moja tu, yangu. Ilikuwa yangu, nasema. Iliibwa Januari.

Niliinunua Novemba pale Luthuli Avenue, kwa ule mpango wa lipa mdogo mdogo. Unaweka kianzio, halafu shilingi 60 kila siku mwaka mzima. Simu hizi za deni zina akili kuliko watu. Usipolipa inajifunga yenyewe, unabaki umeshika kipande cha kioo cha kujitazamia ndevu. Haikukaa wiki mbili kabla sijaiangusha kwenye ngazi, ikapasuka kona ya juu kushoto, ufa wenye matawi matatu kama mti wa mwarobaini. Binti akabandika kibandiko cha kipepeo juu ya ufa, ati imepona.

Basi siku ya kufungua shule nikampeleka kijana. Sanduku, godoro, ndoo, blanketi, sote ndani ya matatu ya Jogoo Road. Tuliposhuka makanga akalibeba lile sanduku mpaka stejini ya pili, bila kuitisha hata ndururu. Nikafika nyumbani jioni, napapasa mfuko, hakuna kitu. Hapo nikajiuliza kama mtu mzima: tangu lini makanga wa Nairobi akabeba sanduku bure? Kesi ikaisha. Nilimsema yule makanga stejini, nikamsema kwa kinyozi, nikamsema hata kanisani wakati wa maombi ya wanaosafiri. Muhula mzima nikiona gari lake naliacha lipite, napanda la nyuma.

Na bado nikawa nalipa! Mafundi wenzangu kule Kariobangi Light Industries, tunakotengeneza viti, waliniambia wacha kulipa, ijifunge, mwizi akose raha. Mama watoto akasema usipolipa jina lako litapelekwa CRB, wale wanaoweka rekodi za madeni ya watu, na siku ukitaka hata mkopo wa mbao utaambiwa wewe ni mdeni sugu. Nikasikiliza nyumbani. Kila asubuhi kabla ya chai natuma shilingi 60 kwa kasimu ka mulika mwizi nilikonunua kushika nafasi. Mulika mwizi! Kamenimulikia ngazi, kamenimulikia choo stima ikipotea, kitu pekee ambacho hakajawahi kumulika ni mwizi. Kamera hakana. Jirani wa mlango wa pili ndiye ametupigia picha za soksi muhula mzima, na sasa akinisikia nikipanda ngazi anazima taa.

Halafu tukaitwa mkutano wa wazazi, Jumamosi, shule ya kijana. Ajenda moja: simu.

Langoni soja ameweka karai, lile la zege, limejaa simu za wazazi mpaka pomoni, kila moja imefungwa kikaratasi cha nambari kwa raba. Ati siku ya wazazi wanafunzi hawaji kuwaona wazazi, huja kuona simu za wazazi. Mama amekuja na kuku na pilau tangu Kayole, mtoto anamsalimia kwa mkono mmoja, wa pili ushaingia kwa mkoba. Kwa hilo, kusema kweli, soja ana haki. Nikatoa yangu. Akaigeuza, akaitazama nyuma, akanirudishia. "Mzee, hii weka mfukoni. Tunakusanya simu." Foleni nzima ikacheka.

Nikavumilia, kwa sababu mbele kulikuwa na malipo. Pale kwa bursa dirishani kuna tangazo limeandikwa kwa wino mwekundu: hatupokei pesa taslimu, tuma karo kwa M-Pesa, kisha uonyeshe ujumbe. Uonyeshe ujumbe na simu iko ndani ya karai! Ukienda kuichukua langoni, soja hakuruhusu kurudi nayo. Ukirudi bila hiyo, bursa hakupi risiti. Watu kama thelathini wamesimama pale na pesa zao, wanatazamana kama kuku waliofikishwa Gikomba. Ndipo mmoja akaniona nimeshika kasimu kangu. Mama mmoja wa vitenge na marashi, aliyecheka sana langoni, akanishika mkono: "Babangu, tusaidie, tukupe pesa mkononi ututumie." Kwa dakika moja nilikuwa mtu mkubwa katika shule ile. Nikabonyeza kuangalia salio, watu wamenizunguka. Shilingi 43. Nimetoka kulipa 60 asubuhi, nikabakiwa na 43, na hao wakala wa kuweka pesa wako nje ya lango. Wakatawanyika mmoja mmoja.

Mkutanoni nikakaa na kijana wangu. Kuku hakula, na huyo ni mtoto ambaye humaliza paja kabla sijasema amina. Nikadhani ni malaria.

Naibu wa mwalimu mkuu, wenyewe wanamwita Dipti, ni mtu wa kusoma. Akaanza mbali. Ati Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2018, watoto wa shule za msingi na za kati wasitumie simu shuleni. Ati ripoti ya UNESCO ya 2023 ilihesabu nchi duniani ikakuta hazijafika robo zilizokataza simu janja shuleni kwa sheria au sera. Ati imeonekana mwanafunzi akikatizwa na simu anaweza kuchukua hadi dakika 20 kurudisha akili kwenye somo. Dakika 20! Mimi nikipigiwa na mwenye nyumba tarehe tano huwa sirudi kwenye somo mpaka tarehe nane.

Nilimsikiliza na kichwa kikatembea. Serikali iliahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza wakati wa uchaguzi wa 2013. Mwaka 2016 zikaanza kuja tableti, na kijana wangu alikuwa darasa la kwanza mwaka huohuo. Aliniambia ameiona mara mbili, kupitia dirisha la ofisi, imefungiwa kabatini isiibwe. Machi 2020 korona ikaja, shule zikafungwa, tukaambiwa mzazi mwema ni yule anayempa mtoto simu asome. Tukawapa. Mimi nilipiga msasa viti bila muziki miezi tisa kwa sababu simu ilikuwa inasomesha, na niliporudi nyumbani mwalimu alikuwa anafundisha sehemu za ua na kijana anatazama mieleka. Januari 2021 milango ikafunguliwa, na watu walewale wakauliza kwa ukali: nani aliwazoesha hawa watoto simu?

Sikusimama kuuliza. Nilikuwa na shilingi 43.

Kisha Dipti akafunua kitambaa juu ya meza. Simu kumi na moja, zimepangwa kama samaki wa kukaanga. Akaanza kutusimulia kila moja ilikonaswa. Hii ilikuwa ndani ya mkate, wametoa mnofu wote wakaacha ganda. Wazazi wakasema mmh. Hii ndani ya kipande cha sabuni, wamekikata katikati wakakigandisha tena kwa maji moto. Mmh. Hii ndani ya soli ya kiatu. Hii ndani ya mkebe wa unga wa kakao. Mimi kama fundi nikaanza kuwavulia kofia. Ile sabuni ilikuwa kazi safi, hata maungio huyaoni.

"Na hii," akasema, akainua kamusi. Akaifungua. Katikati wamechonga shimo la mraba, pembe zimekaa sawa kabisa, kama mtu aliyefundishwa kupima na baba yake. Herufi K mpaka S zote zimekwenda. Ukurasa wa mbele umechanwa, na hakuna mwanafunzi aliyekubali kuwa ni yake. Niliitazama ile kamusi. Niliinunua mimi, nikaandika ukurasa wa mbele "soma mwanangu". Kosa, lawama, msamaha, pole, radhi, samahani, yote aliyachonga akatupa. Ndiyo maana hata pale alipokaa karibu yangu hakuwa na neno.

Kutoka ndani ya shimo Dipti akatoa simu. Kona ya juu kushoto, mwarobaini. Juu ya mwarobaini, kipepeo.

Nikamgeukia kijana. Kijana akageukia mlima ambao haupo.

Sasa nifanyeje? Nikisema ni yangu, mtoto anakwenda nyumbani wiki mbili na mtihani uko karibu. Nikinyamaza, nyundo. Wakati bado napiga hesabu Dipti akaibonyeza ikawaka, kwa sababu inalipwa, ikalia ti-ti mbele ya watu mia tatu. Akasogeza miwani, akasoma kwa sauti: "Asante kwa malipo yako ya leo ya shilingi 60." Akatutazama. "Wazazi, mnaona? Mtoto yuko shuleni, na kuna mtu huko nje anaamka kila asubuhi kumlipia simu!" Yule mama wa vitenge akapiga makofi ya mshangao, akasema dunia ina wazazi wajinga jamani. Nikatikisa kichwa pamoja nao. Nilitikisa kuliko wote. Mzee wa upande wa kulia akaniambia mtu kama huyo angechapwa yeye, si mtoto, nikamwambia kweli kabisa.

Tangu Januari, siku sabini kwa shilingi 60, ni 4,200. Ningemsikiliza fundi mwenzangu, ingejifunga wiki ya kwanza, na huyu mtoto angekuwa amejua Kiswahili kuanzia K.

Dipti akainua nyundo, lakini akasita. Alitaka wazazi washiriki. "Soja ameniambia leo kuna mzazi mmoja hapa asiyetumia hata simu janja. Mzee wa mulika mwizi, tafadhali simama." Watu wakageuka kunitafuta, soja akanionyesha kwa rungu. "Huyu ndiye kielelezo! Njoo mzee, tuanzie hii ya kipepeo."

Nimeshika nyundo miaka 17. Naweza kupigilia msumari wa nusu inchi gizani nikiongea. Siku hiyo pigo la kwanza niligonga meza. La pili nikagonga kidole gumba. "Piga kama mzazi!" Dipti akasema. La tatu likashuka pale kwenye mwarobaini, ufa ukapata matawi mengine mengi, na kile kipepeo kikaruka, kweli tena, kikaenda kutua kwenye kiatu cha Dipti. Wazazi wakasimama kupiga makofi. Walinipa soda.

Niliporudi kiti changu kijana akaninong'oneza, sauti imekauka: "Baba, kwani ulikuwa umemaliza kuilipa?"

Nikamwambia bado siku 235. Akachukua paja la kuku, akalitazama, akalirudisha. Nikamwambia pia kwamba likizo hii haendi kwa shangazi yake, ataamka nami saa kumi na moja Kariobangi, kama pembe zake zinakaa sawa vile basi achonge viti. Akasema ndio baba. Tukamalizia pilau kimya. Mbele Dipti anapiga ile ya sabuni, na nilisikitika kidogo, ilikuwa kazi safi.

Nyumbani sijasema. Mama watoto akiniuliza kuhusu hiki kidole namwambia ni kazi, na si uongo. Jana asubuhi nimelipa 60 zangu, kwa kioo kilichoko pipani kwenye shule ya watu, halafu nikatoka mbio stejini, na kwa haraka nikajikuta nimepanda gari la yule makanga. Akanitambua kabla sijashuka. Akanirudishia chenji yote, akauliza mtoto anaendeleaje na masomo, akauliza mzee, ile simu yako ilipatikana?

Nikamwambia uchunguzi unaendelea.