Repo ya ndani ni nzuri, ila nani anailisha?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania tulikuwa kati ya walioumia sana. Kesho yake asubuhi kwenye chumba cha kompyuta nilichokuwa nakiangalia, mashine 28 zote za Debian (aina ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta), mwalimu anataka wanafunzi waweke postgresql, programu ya hifadhidata, kwa ajili ya kipindi na watu wote jengo zima wanalalamika meseji haziendi, mimi nimekaa tu nachekelea maana repo yote ya Debian, yaani ghala la programu zake, ilikuwa chini ya meza yangu kwenye hadi diski. Robo saa haikuisha mashine zote 28 zilikuwa tayari. Siku ile nilijiona mjanja kweli kweli.

Tangu hapo kila nikikaa na mafundi wenzangu hoja ni ileile, kwamba kila shule na kila ofisi inayotumia Linux iwe na nakala yake ya repo ndani, tusiwe tunategemea waya uliolala chini ya bahari. Nilikuwa naunga mkono mia kwa mia. Saa hizi niko kama sabini hivi, na hizo thelathini zilizopungua hazihusiani na ukubwa wa diski.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa Linux, programu zake hazitafutwi moja moja kwenye tovuti za waliozitengeneza, zinatoka kwenye ghala moja kubwa linaloitwa repo na apt, programu ya kuagizia, ndo anaenda kuzichukua huko. Kuweka nakala maana yake unalivuta ghala lote, kwa apt-mirror au debmirror, unaliweka kwenye seva yako na mashine zote zinaelekezwa pale.

Hoja ya kwanza huwa ni bando, na hapa watu wanapiga hesabu wanaishia katikati. Mashine 28, tuseme kila moja inakula megabaiti 300 za apdeti kwa mwezi, hiyo ni giga 8 na ushee, na ni vitu vilevile vinashushwa mara 28, kernel ileile, LibreOffice ileile. Inauma, sikatai. Lakini Debian 12 ilipotoka Juni 2023 ilikuwa na pakeji (programu na vipande vyake) 64,419, na mashine zangu zilikuwa zinatumia labda 2,000. Nakala ya sehemu ya main tu, ya amd64 tu (aina ya prosesa za kompyuta zetu), bila source (msimbo wa chanzo), ilinila kama giga 90. Yaani ili niokoe giga 8 kwa mwezi nivute 90 kwanza, ningekaa karibu mwaka mzima ndo hela irudi, na hapo bado apdeti za mapakeji ambayo hakuna mtu atayafungua mpaka Yesu arudi. Mimi nilipona kwa sababu kuna jamaa Dar mwenye faiba alinikopia yote, diski ikaja na basi ndani ya boksi la viatu. Ukitaka kuivuta yote kwa bando la simu hiyo hesabu haipo, usijidanganye.

Ndo maana nikiulizwa na mtu ambaye mtandao anao ila ni wa kusuasua, huwa namwambia weka apt-cacher-ng ulale. Yenyewe haivuti ghala, inakaa katikati kwenye poti 3142, mashine ya kwanza ikiomba kitu inakishusha na kukitunza, zile 27 zinajichotea ndani. Unaiweka kwa kamandi moja na kwenye kila mashine unaongeza mstari mmoja, basi. Bando linapungua karibu sawasawa na nakala kamili na diski haistuki. Shida yake ni moja, Jumatatu ile ya Mei isingenisaidia chochote, maana postgresql hakuna aliyekuwa ameiomba kabla, na kitu ambacho hakijawahi kuombwa haina.

Na hapa lazima niseme kitu ambacho kwenye mahesabu ya bando huwa hakiingii. Hayo mapakeji 62,000 ambayo nimesema hakuna anayeyatumia, kuna kijana mmoja wa umeme mwaka wa pili alikuwa anabaki jioni anayapekua tu, anaandika apt search anasoma maelezo, anaweka, anacheza nayo, anafuta. Siku moja namkuta kaweka KiCad anachora saketi ya chaja ya sola, hakuna aliyemfundisha, kaikuta humo humo kwenye ghala. KiCad na maktaba zake ni mzigo mzito. Kwa bando la chuo angetakiwa aje kuomba ruhusa, na nakwambia ukweli ningemwambia subiri, na angesubiri mpaka amalize chuo. Kwa hiyo nikisema mapakeji hayatumiki nasema kama mhasibu, ila yule kijana alikuwa anatembea kwenye ghala lote bure bila kumuogopa mtu, na hicho kitu apt-cacher-ng haikupi.

Sasa tuje kwenye thelathini zangu.

Mwaka 2024 huohuo ulitupa visa viwili ambavyo kila upande huwa unachukua kimoja na kukificha kingine. Machi 29 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba xz, programu ya kubana mafaili, toleo la 5.6.0 na 5.6.1 limewekewa mlango wa uani, alistuka baada ya kuona kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde. Wapenzi wa nakala wanasema unaona, sisi wa diski za zamani hatukuguswa. Ni kweli hamkuguswa, ila wa Debian stable, toleo tulivu, aliyekuwa anaapdeti kila siku moja kwa moja mtandaoni naye hakuguswa, ile kitu iliishia testing na unstable, matoleo ya majaribio. Kilichowaokoa ni stable, uzee wa diski haukuchangia kitu. Halafu miezi mitatu mbele, Julai 1, likatoka tobo la OpenSSH, programu inayoendesha hiyo ssh, namba yake CVE-2024-6387, hilo sasa Debian 12 ilikuwemo, na kiraka kilitoka siku hiyohiyo. Aliyekuwa na nakala iliyolala hakukipata.

Mimi nilikuwa na nakala iliyolala. Na sikujua.

Ilikuwa hivi. Ile wiki ya nyaya mtandao ulirudi kwa kuchechemea, sinki ya usiku (kuvuta vitu vipya kuja kwenye nakala) inaanza inakatikia njiani, siku zikapita, mara apt kwenye mashine zote inaanza kugoma inasema faili la Release (orodha ya vilivyomo) la repo ya usalama, ile ya viraka, limepitwa na muda. Ukweli ni kwamba hiyo ni kinga. Faili hilo linasainiwa na Debian na ndani lina tarehe ya mwisho, kwa repo ya usalama ni siku 7 tu, makusudi kabisa, ili mtu asije akakulisha ghala la mwezi uliopita ukadhani ni la leo. Saini inakuhakikishia hakuna aliyechezea mzigo, ndo maana hata ile diski ya boksi la viatu nilikuwa naiamini bila wasiwasi. Lakini saini ya mwaka jana bado ni saini halali, umri ndo unapimwa na hiyo tarehe. Sasa mimi wanafunzi wamejaa, kila mashine inapiga kelele, nikatafuta dawa nikaipata, mstari mmoja, Acquire::Check-Valid-Until "false", nikausambaza kwenye mashine zote 28. Kelele zikaisha. Nikasema nitautoa mtandao ukitulia.

Sikuutoa. Juni mwishoni hadi diski ikajaa, ilikuwa ya giga 500 na walimu walikuwa wameshaweka humo video za masomo, na apt-mirror mafaili ya zamani haiyafuti yenyewe, inakuandalia skripti ya clean.sh inakusubiri wewe uiendeshe. Kwa hiyo kila usiku cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, inaamka, inakuta hakuna nafasi, inakufa kimya. Na mashine ukiziuliza zinajibu kwa furaha kabisa kwamba kila kitu kiko apdeti. Zinasema kweli! Ukilinganisha na diski chini ya meza, kila kitu kilikuwa apdeti.

Nimekuja kugundua Oktoba, kwa bahati tu, natafuta kitu kingine nikaona openssh-server inaishia deb12u2 wakati kwenye laptopu yangu ya nyumbani inaishia deb12u3. Tarakimu moja mwishoni, na hiyo moja ndo kiraka cha Julai. Miezi mitatu na zaidi. Hatukuingiliwa, angalau sikuona dalili, lakini jioni ile chai haikupita.

Kwa hiyo mtu akiniambia tatizo la nakala ni diski namuona hajawahi kukaa nayo mwaka. Diski inanunuliwa. Repo ya mtandaoni ikiharibika utajua asubuhi hiyohiyo maana itagoma, ya ndani ikilala inaendelea kuhudumia watu vizuri tu, tena kwa spidi, na hakuna mtu analalamikia kitu chenye spidi. Inataka mtu. Mtu wa kuangalia logi, kuendesha clean.sh, kujua kwamba Debian 12 imeongeza sehemu ya non-free-firmware na kama orodha yako ni ile ya kizamani ya main, contrib na non-free basi wifi za laptopu mpya hazitawaka na utabaki unazilaumu kadi. Mwenye Ubuntu, Linux nyingine, ndo ana yake zaidi, unaweza ukavuta ghala zima ukaweka firefox kutoka kwenye nakala yako, na tangu toleo la 22.04 ile deb (faili la pakeji) ni ganda tu, ikishawekwa inaenda kutafuta snap, pakeji ya aina nyingine, mtandaoni. Bila mtandao unabaki na ganda.

Kuna wanaoitetea nakala kwa hoja ya matoleo yaliyokufa, wanataja CentOS 7, nayo ni Linux, iliyoisha muda Juni 30, 2024, anwani yake ya mirrorlist.centos.org ikazimwa na yum za watu (ndo apt ya CentOS) zikaanza kulia haziioni seva. Hiyo hoja mimi naiona nyepesi. Ghala halikufutwa, lilihamia vault, ghala la matoleo ya zamani, kama Debian ya zamani inavyohamia archive.debian.org, na snapshot.debian.org inatunza mpaka vitu vya 2005. Kubadilisha anwani kwenye faili sio sababu ya kununua diski.

Ila mahali ambapo mtandao hakuna, hakuna kweli, sio wa kusuasua, hapo sibishani na mtu. Rafiki yangu anafundisha shule moja Ukerewe, mashine 12, mtandao wao ni simu ya mkuu wa shule. Huyo apt-cacher-ng ataifanyia nini? Nimemwambia nitampa nakala kamili, kwa sharti kwamba ule mstari wangu wa Check-Valid-Until akiuweka, kwenye ukuta juu ya seva abandike karatasi yenye tarehe ya sinki ya mwisho, kwa maandishi makubwa, na kila mwezi diski ivuke na boti kuja Mwanza ikashibe irudi. Repo ya usalama peke yake sio kubwa, inaingia hata kwenye fleshi.

Kakubali, halafu kaniuliza, na wewe kule chuoni ulipoondoka, nakala yako ulimuachia nani? Nikamwambia sikumuachia mtu. Aliyechukua nafasi yangu anashughulika na printa, projekta, na mfumo wa matokeo, yuko peke yake, nilimuonyesha logi nikaona macho yake yameshachoka kabla sijafika clean.sh. Nikaweka apt-cacher-ng, nikapita mashine moja moja naufuta ule mstari, nikachomoa diski nikaondoka nayo. Ndo hiyohiyo inaenda Ukerewe.