Kabla ya kumzuilia mvuvi chambo

Alfajiri pale Wesha, Pemba, ngalawa bado ziko mchangani, nilikuwa nikimtazama mzee avuaye kwa mshipi, yaani uzi na ndoana, akikata ngisi. Vipande vyembamba, virefu kama kidole cha mwisho, na ngozi haitoi, ili chambo kisichomoke upesi kwenye ndoana. Nikamwambia kuwa Uingereza yako mabwawa ambayo mvuvi hukatazwa chambo fulani. Kisu kikasimama. "Sasa huvua na nini, mwanangu?"

Wenzetu wana sababu. Katika mabwawa yale samaki huvuliwa kwa burudani na kurudishwa majini, mmoja huyo huyo mara nyingi. Karanga zisizopikwa vizuri hukatazwa kwa kuwa huvimba tumboni mwake, na zilizoota ukungu huwa na sumukuvu. Kwingine mnyoo haukubaliwi, kwani samaki huumeza mpaka ndani, na akitolewa ndoana kooni huweza kufa. Scotland imekataza samaki hai kuwa chambo katika maji baridi: ndoo ya vidagaa ikihamishwa kutoka ziwa hadi ziwa huweza kubeba maradhi, au samaki wageni wakazaana na kuwatoa wenyeji.

Sasa tuje Pemba. Samaki wa mzee yule anakwenda chunguni au mnadani, harudishwi. Mkondo wa Pemba si bwawa, maji yake yanakupwa na kujaa kila siku. Ukiileta orodha ile hapa kama ilivyo utamnyima mtu riziki bila kumwokoa samaki hata mmoja.

Lakini swali la chambo tunalo, nalo ni hili: kimetoka wapi? Bamvua, yale maji yanayokupwa sana, likikausha mwamba, watu hushuka na vyuma kutafuta pweza na konokono. Jiwe hupinduliwa likaachwa chali, na vilivyokuwa vikiishi kivulini chini yake vikafa kwa jua. Matumbawe huvunjwa kwa ajili ya pweza mmoja asiyejaa kiganja. Kisiwa Panza wanakijiji hufunga miamba kwa miezi ili pweza wakue. Anayeingia humo kuchukua pweza mchanga wa chambo anawaibia jirani zake, wakiwemo kinamama wanaongojea siku ya kufungua. Hapo mimi nasema azuiwe, wala sioni haya. Utupa sitaujadili, ile ni sumu, inaua mpaka vitoto vya samaki.

Hata hivyo namwelewa anayevunja. Hana barafu ya kuhifadhia chambo cha jana, na ngisi wa sokoni anagombewa na wenye hoteli. Ukimwambia "usichukue hapa" na hukumwonesha pa kuchukua, atarudi usiku na tochi. Kwa hiyo kamati za uvuvi za shehia, yaani za ngazi ya mtaa huku kwetu, zinapokaa kupanga mwamba upi ufungwe, ziwaite watu wa mshipi siku hiyo hiyo, wakubaliane mwamba upi ubaki wazi kwa chambo, na kwa miezi mingapi.