Ejenti wa kampuni haagwi kwa mdomo

Huu ni mwaka wangu wa 11 Houston, Texas, na kakampuni kangu ka usafi wa maofisi kana miaka sita. Nataka niongee kuhusu ejenti wa kampuni, maana wabongo wengi huku tunalichukulia poa sana hili jambo. Ejenti ni yule mtu au ofisi ambayo jina na anwani yake vimeandikwa kwenye faili la jimbo, ili ikitokea samansi au barua ya serikali inayohusu kampuni yako ijulikane inapelekwa kwa nani. Bila yeye hawakusajilii. Na Texas hawataki sanduku la posta, wanataka mlango ambao mtu akija kugonga saa za kazi anamkuta binadamu.

Wakati nafungua nilikuwa bado naishi kwa watu, nikamwomba kaka mmoja wa Muheza niandike jina lake na apatimenti yake. Akasema mdogo wangu, hilo nalo la kuomba? Nikalipa dola 300 za usajili, kazi ikaanza. Miaka miwili baadaye kaka akapata kazi Ohio. Siku anapakia vitu nilikwenda kumsaidia kubeba kochi, na pale kwenye ngazi nikamwambia usiwaze kaka, kwenye kampuni nakutoa naweka kwangu. Tukaagana. Kwangu mimi hapo lilikuwa limeisha, nimemwambia, amesikia, basi. Fomu sikujaza.

Sasa Jumanne moja niko kaunta nanunua dawa za sakafu kadi ikakataa, nikajaribu tena ikakataa, nikapiga benki dada akaniambia akaunti imezuiwa kwa amri ya mahakama. Nikamuuliza mahakama gani, mimi sijawahi kushtakiwa na mtu. Mikono ilikuwa inatetemeka mpaka nikaacha yale madumu pale pale kwenye kitoroli nikatoka nje kukaa kwenye gari.

Kumbe jamaa waliotuuzia mashine ya kung'arishia sakafu, ambao tulikuwa tunabishania malipo ya mwisho kwa sababu mashine iliharibika, walishafungua kesi mahakama ndogo. Konstebo, ambaye huku ndiye anayepeleka samansi, akaenda kwenye anwani iliyoko kwenye faili, akakuta familia nyingine kabisa, akarudi tena hola. Hapo ndo sheria ya Texas inapokuja: ejenti akitafutwa kwa bidii asipatikane, Katibu wa Jimbo kule Austin, yule mwenye mafaili ya kampuni, anageuka kuwa mpokeaji wa samansi kwa niaba ya kampuni yako. Yeye anaituma kwa barua ya kusainiwa ukipokea kwenye anwani ya kampuni iliyoko kwenye faili, ambayo kwangu mimi ilikuwa ni ile ile apatimenti ya kaka. Barua ikarudi, lakini kisheria nimeshapelekewa. Mahakama ndogo unatakiwa ujibu ndani ya siku 14, zikapita, ikatoka hukumu ya upande mmoja. Kuna siku nyingine 14 za kuomba hukumu itenguliwe, nazo zikapita mimi niko kazini napiga deki. Deni lilikuwa dola 4,300, na gharama juu. Nililipa. Na nilikuwa na hoja zangu za kweli kuhusu ile mashine ambazo hakuna hakimu aliyewahi kuzisikia, hilo ndo linaniuma hadi leo kuliko pesa.

Nikakumbuka marehemu baba. Alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli Ngamiani, Tanga, na sanduku la posta alikuwa anatumia la shule aliyokuwa anafundisha mjomba. Kuna mwaka alishtakiwa kwa ajili ya mzigo. Mpeleka samansi alifika duka limefungwa, akauliza kwa mzee wa kahawa pale kona, mzee akamwambia Bwana Fundi yuko msibani barabara ya 14, subiri kijana akupeleke. Kijana akaacha kashata zake akampeleka hadi kwenye turubai, baba akaitwa pembeni akasaini, akarudi kukaa kwenye mkeka. Na ingeshindikana hapo ingepita kwa mwenyekiti wa mtaa, ikishindikana kabisa inabandikwa mlangoni au inatangazwa gazetini, na gazeti asiposoma yeye atasoma shemeji yake ampigie simu. Yaani nyumbani wewe unapatikana kupitia watu, mtaa mzima ndo ejenti wako na hulipi hata shilingi.

Huku hakuna mzee wa kahawa. Jirani yangu wa ukuta mmoja nimekaa naye miaka minne jina silijui, na konstebo hana wa kumuuliza, anayo anwani tu. Sisemi huku ni kubaya, kwa sababu nyumbani nako kampuni ngapi zimesajiliwa BRELA, kwa msajili wa makampuni, zikiwa na ofisi Kariakoo leo wapo Mbezi na hakuna aliyekumbuka kumjulisha msajili, ingawa sheria inataka ajulishwe. Hata nyumbani kampuni ya kigeni ikifungua tawi Tanzania inatakiwa itaje mtu mkazi wa nchini wa kupokea nyaraka. Tofauti ni kwamba kwetu ukizembea karatasi, watu wanakuokoa. Huku ukizembea karatasi umekwisha, na sisi tumekuja na tabia ya kutegemea watu kwenye nchi inayotegemea karatasi.

Na kumbadilisha ejenti ni kitu kidogo mno, ndo maana nakereka. Ni fomu namba 401, dola 15 kwa kampuni ya biashara, unaijaza mtandaoni usiku umevaa msuli. Kinachotakiwa kwanza ni ridhaa ya yule mpya, kwa maandishi au kwa kielektroniki, tangu 2010 Texas huruhusiwi kumwandika mtu ambaye hajakubali. Ile ripoti ya kila mwaka tunayopeleka kwa watu wa kodi wa jimbo mwezi wa tano haibadilishi ejenti, hata ukiandika jina jipya, kuna dada namfahamu aliamini hivyo miaka mitatu. Utaratibu wangu sasa: mpya akubali, fomu iende, uthibitisho urudi kutoka Austin, ndipo umwambie wa zamani asante. Usianze kwa kukata mkataba wa zamani au kuacha kadi ya benki unayowalipa nayo iishe muda. Ofisi inayolipwa kuwa ejenti usipoilipa inajiuzulu, inakuandikia wewe kwenye anwani waliyonayo, inapeleka taarifa Austin, na siku ya 31 tangu taarifa ipokelewe huna ejenti. Jimbo likikuandikia uweke mwingine zikapita siku 90 hujaweka, wanaweza kuifunga kampuni yenyewe. Majimbo mengine yana fomu na ada zao, angalia ya kwako.

Mimi niliamua kulipa ofisi, dola 125 kwa mwaka. Ningeweza kujiandika mwenyewe ila mchana sipo nyumbani, na anwani ya ejenti inasomwa na kila mtu, sitaki mteja mwenye hasira aje kugonga mlango watoto wanafanya homuwek.

Kaka wa Muheza nilimpigia nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu. Kumbe hata yeye miaka yote ile jina lake lilikuwa bado Texas kwenye kampuni isiyo yake, na angeweza kujitoa mwenyewe kwa fomu 402 ambayo haina hata ada, hakujua. Aliona aibu, mimi nikaona aibu zaidi, maana yeye alinisaidia na mimi ndo niliyesema nitamtoa. Ule uthibitisho ulipokuja nilimtumia picha, jina lake limeondoka, akajibu "alhamdulillah, sasa nalala".

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kwetu anafungua kampuni ya malori akaniomba aweke anwani yangu, akaniita kaka kama mimi nilivyoita kaka. Ilinibana koo kukataa. Nikamwambia njoo Jumapili tule ubwabwa, lete laptopu, tukutafutie ejenti pamoja, na mwaka wa kwanza nitakulipia mimi. Alikuja.