Miji ya Civilization VI Ikae Karibu Karibu

Wachezaji wengi wa Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga milki zamu kwa zamu, hapa Uganda huanza vizuri, lakini ikifika zamu ya 60 wana miji mitatu tu, imeachana kama Arua na Mbarara. Wameona kwamba mji unafikia vigae 36 (vipande vya ramani) kuuzunguka, basi wanataka kila mji upate vyote. Kosa hilo linapoteza michezo mingi kuliko vita.

Raia mmoja hufanya kazi kwenye kigae kimoja. Mji wa watu 10 hutumia vigae 10, na vingine 26 hukaa bure. Wilaya nazo, yaani sehemu maalumu za mji kama chuo cha sayansi, hufuata idadi ya watu, si ukubwa wa eneo: ya kwanza mtu 1, ya pili watu 4, ya tatu watu 7, na kuendelea kwa kila watu 3. Mji wa watu 14 una nafasi ya wilaya 5. Miji miwili ya watu 7 ina nafasi ya 6, tena unapata vyuo viwili badala ya kimoja, na kulisha watu 7 ni rahisi mno kuliko kulisha 14. Sheria inadai vigae vitatu katikati ya mji na mji. Jenga kwenye cha nne, au cha tano kama maji yanakuvuta huko.

Na maji ndiyo yanayoamua. Mji ulio kando ya mto au ziwa huanza na makazi 5 (nafasi za watu kuishi), wa pwani 3, wa mahali pakavu 2. Ikibaki nafasi moja ya makazi, ukuaji hupungua kwa nusu. Maana yake mji mkavu hudumaa ukiwa na mtu mmoja tu, wakati ule wa mtoni hukua kwa kasi yake mpaka watu 4, yaani pale pale wilaya ya pili inapofunguka. Mahali pakavu pakubalike tu kama pana mlima karibu: mfereji wa maji ukichukua maji mlimani, makazi yanafika 6, na mfereji huo hauhesabiwi katika kikomo cha wilaya.

Tuseme mlowezi, yaani anayeanzisha mji mpya, amesimama kwenye nyika, mtoni. Kigae cha jirani ni kilima cha nyika kinachogusa mto uleule. Msogeze, hata kama unapoteza zamu moja. Kitovu cha mji kitatoa chakula 2 na uzalishaji 2 badala ya 2 na 1, na mji mchanga hutegemea kitovu hicho kwa karibu kila kitu.

Kabla hujabonyeza kuanzisha mji, hesabu milima. Kigae kinachogusa milima mitatu kitakipa chuo sayansi 3 zaidi kila zamu. Wengi hukipenda kigae hicho, wakaketisha mji juu yake, chuo kikakosa pa kukaa! Mji ukae pembeni.

Bonde la mto lina rutuba, ila ukicheza na nyongeza ya Gathering Storm, mafuriko huvunja mashamba na wilaya. Waliouona mto Nyamwamba ukivamia Kasese mwaka 2013 hawahitaji kuelezwa. Mashamba yawe bondeni, wilaya zipande juu mpaka upate bwawa.

Anasa moja, yaani bidhaa ya kuwafurahisha raia, hutosheleza miji minne. Kwa hiyo mji wa tano ufuate anasa ambayo huna bado, si pamba ya pili. Tangu nyongeza ya Rise and Fall ya 2018, raia husukuma utii wao hadi vigae 9, na nguvu hupungua kwa umbali. Miji iliyobanana hushikana. Uliotupwa peke yake mpakani mwa jirani huasi.

Mlowezi wa kwanza hugharimu uzalishaji 80 kwa kasi ya kawaida, na kila anayefuata ni ghali zaidi. Huondoka na mtu mmoja wa mji, kwa hiyo mji uwe na watu 2 kwanza. Ukifika Early Empire, moja ya hatua za utamaduni, weka kadi ya sera ya Colonization: walowezi hupata uzalishaji zaidi kwa asilimia 50. Watoe wote wakati huo, kisha ibadilishe.