Utegemezi wa maktaba usiachiwe kumbukumbu ya mtu

Siku mbili nzima nilitafuta ubovu kwenye kihisi ambacho kilikuwa kizima. Skrini ilionyesha nyuzi 1 asubuhi na jioni, hata nilipokifumbata kihisi mkononi. Nikabadilisha nyaya, nikabadilisha kihisi chenyewe. Nyuzi 1 tu.

Ndani ya maktaba ya vihisi, yaani msimbo ambao programu yangu inautumia, kulikuwa na strakti moja (data zilizopangwa kwa kufuatana): wakati, baiti 4, halafu joto, baiti 2. Mwenzangu akachomeka hali, baiti 2, katikati yao. Joto likasogea kutoka baiti ya 4 kwenda ya 6. Maktaba ikajengwa upya, lakini mafaili yaliyotafsiriwa ya programu yangu yalibaki yale ya zamani, kwa sababu Makefile yake, faili la maelekezo ya ujenzi, haikujua kwamba yanategemea heda (faili la .h lenye strakti hiyo) iliyo kwenye saraka nyingine. Programu ikawa inasoma baiti ya 4 kama kawaida, na pale sasa pamekaa hali: 1, yaani kihisi kinafanya kazi. Linka, inayounganisha mafaili hayo kuwa programu moja, haikulalamika, maana katika C hulinganisha majina, na majina yalikuwa yale yale.

Simlaumu mwenzangu. Ninachokipinga ni desturi yetu ya kuambizana, "Nimegusa maktaba, futa kila kitu ujenge upya." Kazi ya kukumbuka hivyo si ya binadamu. Stuart Feldman aliiandika Make, chombo kinachosoma Makefile na kujenga programu, mwaka 1976 pale Bell Labs ili ituondolee mzigo huu, nasi bado tunaubeba!

Kompaila haiwezi kutafsiri faili bila kufungua kila heda inayohitajika, kwa hiyo jibu inalo tayari. Kompaila za GCC na Clang zikipewa -MMD huandika orodha hiyo, isipokuwa heda za mfumo, kwenye faili la .d, na Make huisoma kwa mstari mmoja wa include. Ongeza -MP, ili heda ikifutwa Make isikwame. Faili la .a, yaani maktaba iliyokwisha kujengwa, nalo litajwe kwenye kanuni ya kuunganisha programu, na kanuni ya kulijenga iwe kwenye mti huo huo. Ukigawa ujenzi katika Make mbili zisizojuana, kila moja inaona nusu tu. Kwenye CMake, chombo kinachokuandikia maelekezo ya ujenzi, amri ya target_link_libraries inashughulikia sehemu kubwa ya haya.

Wapo wanaosema mradi mdogo haustahili taabu hiyo, bora kujenga yote kila mara. Nimeishi hivyo. Dakika zikirefuka mtu huanza kuruka hatua, na huiruka siku ile ile ambayo heda imebadilika. Nakubali jambo moja: Make huangalia saa ya faili tu. Ukibadilisha -D, chaguo la kompaila la kufafanua makro, haitambui, ilhali Ninja, chombo kingine cha ujenzi, huikumbuka amri yenyewe.

Leo hii jaribu kwako. Gusa heda moja ya maktaba kwa touch, amri inayobadilisha saa ya faili, jenga programu, utazame ni mafaili gani yanayotafsiriwa upya. Kisha gusa faili moja la .c la maktaba, uone kama programu inaunganishwa tena. Make ikinyamaza, usipakie kitu kwenye kifaa mpaka urekebishe Makefile.