Rula ya Sentimita 25

Jirani yangu hapa Bergen, Norwei, ni mzee wa miaka sabini na ushei. Ana mashua ndogo yenye injini inayokohoa kama basi la Kasulu kipindi cha masika, na kila tarehe 1 Oktoba, saa mbili kamili asubuhi, anatega kamba. Siyo saa mbili kasoro dakika tano. Msimu wa kamba wakubwa wenye makucha unafunguliwa siku hiyo na saa hiyo, na yeye hukaa kwenye mashua na kikombe cha kahawa, anatazama saa ya mkononi kama mtu anayesubiri kufuturu.

Safari hii alinichukua. Tulitega, keshoye tukaenda kuvuta. Mtego wa tatu ukaja na kamba mmoja wa buluu iliyokolea hadi weusi, mzito, anarusha mkia. Mimi nilishafika mbali: kichwani nilishamtia kwenye mawese ambayo mama alinitumia na ninayaficha kwenye friza kama dhahabu. Mzee akachomoa mfukoni kipimo cha plastiki, akamlaza kamba juu yake, akakunja uso. Sheria inataka sentimita 25. Kamba alipungua labda upana wa kucha. Akamrudisha majini.

Nikaangaza huku na huku. Boti ya doria hakuna. Mtu hakuna. Kulikuwa na ndege wawili na mvua. Nikamuuliza, kwa Kinorwei changu cha kuungaunga, nani angejua. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini amevaa suruali.

Nilikasirika, sifichi. Nilianza na yule kamba, nikahamia kwa mzee, na tulipokaribia gati nikagundua hasira yangu yote ilikuwa inaelekea Dodoma.

Maana sentimita 25 naijua. Ndicho kipimo cha sato kwetu. Na hakuna aliyesahau Juni 2018, maofisa wa uvuvi walipoingia na rula kwenye mgahawa wa Bunge na kupima samaki wa mle ndani. Nchi nzima ilicheka wiki nzima. Waheshimiwa hawakucheka. Waliwaka, wizara ikatakiwa ijieleze, heshima ya Bunge imeguswa, na kadhalika. Nakumbuka nilijisemea: kumbe inauma! Mwaloni Kibirizi, kwetu Kigoma, rula hiyo inaingia kila mara, na hakuna Spika wa kumpigia simu.

Kila mwaka, bajeti ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi ikisomwa, naangalia mjadala kwenye simu nikiwa kwenye tramu. Naweza kuuigiza nikiwa usingizini. Anasimama mbunge wa pwani, wa Mafia, Kilwa au Tanga: Mheshimiwa Spika, wavuvi wangu wananyanyaswa, nyavu zinachomwa. Anasimama mwingine: Mheshimiwa Spika, baruti zinamaliza matumbawe, Serikali iko wapi? Kila mmoja anataka doria iongezwe na doria hiyohiyo imuache mpiga kura wake. Atatishia kushika shilingi ya Waziri, yaani kuzuia mshahara wake usipite. Kengele ya pili italia. Naye, akiwa bado anahema kwa hasira, atamaliza kwa kuunga mkono hoja asilimia mia moja.

Najua utasema: sisi wa Kigoma, mwisho wa reli, mambo ya bahari yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu sheria ni moja. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya 2003 na kanuni zake za 2009 haziulizi kama maji yana chumvi. Wavu ambao Kilwa wanauita juya, sisi tunauita kokoro, na unaungua kwa kiberiti kilekile. Ringineti, wavu wa kuzungushia samaki, inayogombaniwa na wabunge wa pwani ndiyo iliyogombaniwa na wa ziwani. Wakipitisha neno kule kwa sababu ya jodari, litakuja kumkuta mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika.

Ila kuna jambo moja haliji kwetu, na hilo ndilo linaloniwasha.

Mnakumbuka "samaki wa Magufuli"? Mwaka 2009, akiwa waziri mwenye dhamana ya uvuvi, meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ikivua jodari kwenye bahari yetu bila leseni. Nilikuwa Kigoma wakati ule, tukitazama taarifa ya habari kwenye kibanda cha sinema pale Mwanga, na watu walipiga makofi kama Yanga imefunga goli. Samaki wakagawiwa. Kesi ikaenda. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ikawatia hatiani watu wa meli ile, mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu kwa kasoro za kisheria. Sigombani na majaji. Sheria ikikosewa inatakiwa irudi nyuma, na ndivyo ilivyo hata huku. Meli ile ilikuwa na mawakili wa kuziona kasoro.

Au chukua ile tozo ya dola 0.4 kwa kila kilo ya samaki wa bahari kuu. Iliwekwa, meli za nje zikalalamika, zikaenda kuvua kwa majirani, tozo ikaondolewa. Mwaka 2020 tukapata na sheria mpya ya bahari kuu badala ya ile ya 1998. Vizuri. Meli ikikasirika inang'oa nanga. Kipe cha mjomba wangu, chombo chake cha kuvulia dagaa pale Katonga, Kigoma, kikikasirika kitakwenda wapi, Kalemie ng'ambo kule Kongo?

Mjomba alinunua wavu wa dagaa kwenye duka moja mjini. Duka lenye kibao na risiti ya mashine ya EFD. Miezi minne baadaye wavu ulikamatwa mwaloni: macho madogo. Alitoa risiti. Akaambiwa risiti si leseni ya kuvunja sheria, jambo ambalo ni kweli kabisa, na wavu ukachomwa mchangani mbele ya wanawe. Duka lilikuwa wazi siku ileile. Lilikuwa na nyavu nyingine za namna ileile, zimetundikwa mlangoni.

Hapo ndipo ninaponyoosha kidole, na nasema ni hapo tu. Bergen kipimo kiko mfukoni mwa mvuvi. Anaweza kukinunua dukani, kabla hajagusa maji. Kwetu rula iko mfukoni mwa ofisa, na mvuvi anaiona siku ya moto.

Sasa nawasikia. "Huyo keshalewa baridi." "Siku hizi ni Mzungu." "Rudi basi ugombee." Yupo binamu yangu mmoja, sitamtaja, ataandika kwenye kundi la ukoo kwamba nimesahau nilikotoka. Binamu, mimi bado naota kwa Kiha. Juzi nilipanda basi dakika arobaini kwenda duka la Mkongo mmoja kununua dagaa wetu. Yeye anawaita ndagala, tukabishana nusu saa ni wa Kigoma au wa Uvira, wakati wanaogelea maji yaleyale bila pasipoti. Nikalipa bei ambayo nikiitaja mtanitumia maombi. Watu hawa wana bahari yenye kila kitu na bado Jumapili wanachemsha chewa na viazi, bila hata kitunguu. Sijahamia upande wao wa meza, msiwe na wasiwasi.

Na msinifundishe habari ya utajiri, nimeiona. Mzee ana pensheni. Anapomrudisha kamba anarudisha starehe. Chakula chake kiko kwenye friji. Mjomba akirudisha mgebuka mdogo anarudisha ada ya shule. Serikali ya huku ina mafuta, ina meli za walinzi wa pwani, ina Kurugenzi nzima ya Uvuvi, na makao yake makuu yako hapahapa Bergen. Kulinganisha doria ile na boti yetu ambayo nusu ya mwaka haina petroli ni kumdhulumu ofisa wetu. Nalijua hilo. Naomba liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Lakini nilipomlaumu mzee kwamba nyinyi mmezaliwa wastaarabu, alicheka hadi akamwaga kahawa. Baba yake alikuwa mvuvi wa heringi, na heringi ni kama dagaa wao, samaki aliyejenga miji. Miaka ya 1960 wakapata mashine za kuvuta nyavu za kuzungushia, ndugu wa damu wa ringineti, wakavua kana kwamba kesho haipo. Mwishoni mwa muongo ule heringi aliisha. Hakupungua, aliisha. Ilibidi wafunge, na ilichukua zaidi ya miaka ishirini kundi lile kurudi. Mzee anasema baba yake aliiuza mashua. Kwa hiyo kile kipimo mfukoni hakikutoka kwenye ustaarabu, kilitoka kwenye njaa.

Nasi tusijidharau kupita kiasi. Hakuna aliyehitaji kumfundisha mvuvi wa dagaa wa Kigoma kulipumzisha ziwa. Mwezi ukiwaka vipe vinalala, taa hazina kazi, watu wanashona nyavu na kugombana na wake zao hadi giza lirudi. Imekuwa hivyo tangu enzi za karabai. Na mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, baada ya nchi nne zinazolichangia kukubaliana, mjomba alitukana kila kiongozi anayemjua kwa jina, lakini kipe alikipandisha mchangani. Alishinda miezi mitatu akipakia mchanga wa ujenzi. Agosti, siku chache baada ya kurudi majini, alinipigia simu. Hakukubali kwamba ilikuwa sawa, hawezi, mimi namjua. Alisema tu: "Dagaa wamenenepa, mpwa wangu."

Mtu anayeweza kukaa miezi mitatu bila kuvua anashindwaje kufuata macho ya wavu? Hashindwi. Anashindwa kuyajua kabla hajalipa. Wabunge wetu wanabishana mwaka hadi mwaka kuhusu kiberiti, kiwashwe au kizimwe, na nikiwa kwenye tramu yangu huwa nasubiri mmoja tu aulize nyavu hizo zilipita bandari gani na nani aligonga muhuri. Wapo waliouliza, nisiwadhulumu. Jibu huwa linaishia kwenye "Serikali inalifanyia kazi", na hapo tramu inafika kituoni kwangu.

Mwezi uliopita nilimuomba mzee kipimo kimoja cha ziada. Anavyo vinne, amevipanga kwenye droo pamoja na vijiko. Nikakipachika kwenye bahasha na soksi za sufu za shangazi, mtu wa kwetu aliyekuwa anasafiri akakifikisha Katonga. Mjomba akanipigia simu ya picha, kipimo mkononi, wajukuu nyuma yake wanachungulia.

"Hiki ni cha nini?"

Nikamweleza. Kamba, mkia, sentimita 25, kila kitu.

"Huku hatuna kamba."

"Najua, mjomba. Nilitaka ukione tu."

Akakigeuzageuza. Mjukuu mmoja akakinyakua, akaanza kupimia daftari lake. Mjomba akasogeza uso karibu na simu, nikabaki naona pua na jicho moja.

"Safari nyingine tuma wavu," akasema. "Ila ununue hukohuko. Wa dukani kwetu wanauchoma."